Chagua Wimbo

Sehemu ya sita

Mara ya mwisho niliwaacha mlangoni kwangu, mume wangu akiingia na boksi begani, kubwa kama kabati la vyombo. Kwa aliyekosa gazeti nimpe kwa ufupi. Niliolewa na mtu anayependwa na mtaa mzima. Sikio langu la kushoto lilikufa kwa kofi lake mwaka wa kwanza wa ndoa. Nikakimbilia kwa shangazi, na shangazi akanishika mkono akanirudisha mwenyewe, akaniambia nyumba husitiri mambo. Tangu siku ile niliacha kukimbia.

Mtaani walimwita Burudani. Kazi yake ilikuwa kukodisha muziki: uwe na harusi, uwe na msiba, spika zake zilikuwepo. Siku za mpira aliigeuza televisheni yetu kubwa dirishani ikaangalia nje, watu wakaja na mabenchi yao wakatazama bure. Wanawake waliniambia nina bahati ya mtende, nyumba yangu haina huzuni, kila siku muziki.

Kuhusu muziki walisema kweli. Kila alipotaka kunipiga alifunga mlango wa chumba, akanipa simu yangu iliyounganishwa na spika ya sebuleni, akaniambia maneno mawili.

"Chagua wimbo."

Nachagua. Kisha naongeza sauti, mimi mwenyewe, kwa kidole changu, mpaka vioo vya dirisha vitetemeke. Hapo ndipo anaanza. Nikichagua wimbo mfupi ukaisha kabla yeye hajamaliza, ananipa simu nichague mwingine. Nyimbo za dini alizikataa kabisa. Alisema si heshima kumpiga mtu huku Mungu anaimbiwa. Ndiyo, na yeye alikuwa na dini yake.

Sasa cheka kidogo, maana mimi kazi yangu ilikuwa nyimbo. Nilikuwa na kibanda ubavuni mwa nyumba, kompyuta moja na feni moja, nawaingizia watu nyimbo kwenye flashi na kadi za simu. Mteja akikaa kwenye kigoda namwambia, chagua wimbo. Siku nzima nilikuwa natamka yale maneno kwa tabasamu, na jioni narudishiwa.

Kwa kazi ile niliwajua watu. Kinyozi wa kona, baunsa mwenye shingo kama ya fahali, alikuwa anataka nyimbo za kubembeleza watoto na hana mtoto. Mwalimu wa hesabu alitaka zile za matusi, akaniomba niziandike kwa jina la "Masomo". Sikuwacheka. Mtu na wimbo wake ni mambo yao wawili.

Mimi nyimbo zangu ziliniishia moja moja. Ule tulioucheza harusini uliondoka mapema. Rumba ya kinanda niliyoipenda nikiwa msichana iliondoka siku aliponikanyaga vidole kwa buti, na hadi leo nikiisikia dukani vidole vinaniuma. Uko mmoja aliokuwa anauimba marehemu mama akifua. Ule niliufuta kwenye kompyuta na kwenye simu, kwa kuogopa kwamba siku moja kwa haraka nitauchagua. Wateja wakiuulizia nilikuwa nawaambia haupatikani.

Watu wa umri wangu wanapenda kulilia vitu vya zamani. Kanda zilizozungushwa kwa kalamu, betri za redio zilizoanikwa juani zipate nguvu, televisheni za chogo zenye kitambaa cha kufumwa juu. Mimi sizililii. Baba yangu alikuwa na televisheni ya chogo, ikileta chenga anainuka, anaipiga kibao cha ubavu, picha inarudi na sisi tunashangilia. Kaka zangu walikijua kile kibao kuliko sala. Mume wangu naye alikulia mbele ya televisheni kama ile, na siku za uchumba aliniambia akicheka kwamba kitu kikigoma unakipiga kibao kinakaa sawa. Na mimi nilicheka. Nilidhani tunazungumzia televisheni.

Ndiyo maana nazipenda hizi televisheni bapa. Ipige kibao, inakufa palepale, na wewe unabaki unajitazama kwenye kioo cheusi. Kuna siku nilitamani niwe kama hiyo. Kisha nikaogopa wazo langu, kwa sababu nilikuwa na mtoto.

Binti yangu tulimwita Chiriku kwa kuwa alipoanza kusema hakunyamaza. Ila mwaka ule alikuwa ameanza kunyamaza. Na siku mbili baada ya boksi kuingia, nilikuwa naanua nguo uani nikamsikia nyuma ya pipa la maji akicheza na mwanasesere wake. Alikuwa amemkalisha kwenye tofali. Akamwinamia, akamwambia kwa sauti ya upole kabisa, sauti ya baba yake, "Chagua wimbo." Akangoja kidogo. Kisha akamzaba kofi, mwanasesere akaanguka, akamwinua na kumzaba tena, huku anaimba.

Nguo zikanidondoka. Niliwahi kujiambia mtoto hajui, mtoto yuko sebuleni na bibi yake, muziki ni mkubwa. Mtoto alijua mpaka mpangilio. Nikaapa palepale uani kwamba binti yangu hatakulia kwenye nyumba ile. Lakini kuondoka na mtoto kunataka mtu wa kukuamini, na mtaa ulikuwa wake. Ningesema nini? Kwamba Burudani, anayewaonyesha mpira bure, ni mnyama? Wangenipima kichwa.

Sasa nirudi kwenye boksi. Ndani yake kulikuwa na spika mpya, ndefu mpaka kifuani, ina magurudumu, ina taa za rangi zinazokimbizana, na maiki mbili zisizo na waya. Aliitoa kibarazani siku ileile, mtaa ukajaa. Akaweka wimbo kwa sauti kubwa, akaishika maiki moja, akasema, "Sikilizeni ajabu." Alipofungua mdomo muziki ukashuka wenyewe. Aliponyamaza ukapanda.

"Ukisema tu, muziki unakupisha," akasema. "Kama mtoto mwenye adabu."

Watu wakapokezana maiki. Chiriku alipewa akasalimia, akashangaa kusikia sauti yake imekuwa kubwa kuliko nyumba. Mama Cherehani, jirani yetu fundi wa nguo, akaimba ubeti mmoja wa harusi, na alipomaliza akabonyeza kitufe cha maiki kuizima. Spika ikapiga mshindo wa kupasua kifua. Burudani akampokonya maiki huku anacheka, lakini mimi niliyajua yale meno. Akamfundisha mbele ya watu kwamba maiki haizimwi mkononi, inazimwa kwenye mashine, ukiizima mkononi unaua spika. Ndivyo wanavyofanya wote wa kazi ile. Maiki zake zilikaa zinawaka siku nzima, na yeye akipenda anapunguza kwenye mashine.

Aliyefurahi kuliko wote ni mama mkwe. Aliishi nasi, chumba cha mbele, na maisha yake yalikuwa tamthilia. Kulikuwa na moja ya jioni, mke mmoja mle alikuwa anapigwa na mume tajiri, na mama mkwe alikuwa anamlilia yule mwanamke machozi ya kweli, anafuta kwa ncha ya kanga, anamlaani yule mume na ukoo wake. "Hana mama huyu? Mama yake yuko wapi?" alikuwa anauliza kioo. Halafu anasikia mlango wa chumba chetu unafungwa na muziki unapanda, anachukua rimoti, naye anaipandisha tamthilia yake.

Nilimpenda yule bibi, nikiri. Nilimkanda miguu kila siku. Nilijiambia ni uzee, masikio yamechoka.

Ikafika Jumapili ya fainali. Televisheni dirishani, spika kibarazani ikitoa sauti ya mtangazaji, watu mpaka barabarani. Burudani alikuwa na maiki mkononi, anachombeza kila mchezaji akigusa mpira, watu wanavunjika mbavu. Maiki ya pili ilikuwa juu ya spika. Chiriku alikuwa kwenye mkeka na bibi yake.

Ikapigwa filimbi ya penalti, ule wakati ambao hata kinyozi huacha kutafuna. Mimi nikawa napita sebuleni na chai ya mama mkwe. Waya wa televisheni ulikuwa umevuka sakafu. Mtu alinionya, nimeambiwa baadaye kwamba alinionya kwa nguvu, lakini alinionya upande wa kushoto.

Mguu ukanasa. Picha ikafa.

Nilipouchomeka tena, wachezaji walikuwa tayari wanakumbatiana na hakuna aliyeona bao. Watu wakaguna. Burudani akaweka maiki mdomoni, akawaomba radhi watazamaji wapendwa, akasema fundi mitambo wetu alisinzia kidogo. Kicheko kikazima manung'uniko. Kisha akatangaza kwamba ni mapumziko, wanyooshe miguu, na muziki unakuja.

Maiki akaichomeka mfuko wa nyuma wa suruali. Akaingia ndani akitabasamu. Alitabasamu mpaka mlango wa chumba ulipofungwa.

"Chagua wimbo."

Simu sasa ilikuwa imeunganishwa na ile spika mpya. Nikachagua wowote. Muziki ukalipuka kibarazani. Akaufungua waya wa spika uliokuwa unaning'inia msumarini, akaukunja, na pigo la kwanza likanipata mgongoni nikiwa bado nimeshika simu. La pili shingoni. Nikapiga magoti. Akanishika nywele akanigongesha paji la uso kwenye ukingo wa kitanda, damu ikaniingia jichoni, ya moto.

Mimi huwa silii. Mlionisoma tangu mwanzo mnajua, nilijifunza kung'ata kanga. Basi nikaing'ata kanga, naye akaanza kunitukana, na hapo ndipo nikasikia kitu kwa sikio langu moja. Kila alipotukana, muziki nje ulishuka. Akinyamaza unapanda.

Nikainua jicho lililokuwa zima. Mfukoni mwake kulikuwa na kitaa kidogo cha kijani. Kwa hasira zake alikuwa amesahau kuipunguza kwenye mashine. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha mume wangu kilikuwa kinawaka taa.

Sijui nilipata wapi akili. Niliitema kanga.

"Niambie kosa langu," nikasema kwa nguvu. "Leo nataka unitajie kosa langu."

Sikuwahi kumwuliza swali hata siku moja. Ni kama nilimtia petroli.

"Kosa lako?" akasema. "Kosa lako ni ukiziwi. Nilikuua sikio moja ukadhani nimemaliza. Leo naua la pili. Na ukienda kwa yule shangazi yako nakufuata hukohuko, nakurudisha kwenye sanduku."

Waya ukashuka usoni. Nililia. Nililia kwa sauti kama mwanamke anayejifungua, miaka yote ile ilitoka siku moja, nikamwambia aniue, na aseme wazi kwamba ananiua, watu waje wamwone.

"Watu gani?" Akacheka. "Wale wajinga wa nje? Wale ni kuku wangu. Nawamwagia mpira wanadonoa. Nikuchinje hapa mchana huu, nikitoka nikiwaambia mke wangu kasafiri, wataniuliza mechi ya pili ni lini."

Akanipiga teke la tumbo. Nikajikunja. Kisha akasimama kupumua, maana kumpiga mtu nako ni kazi, na ndipo akasikia. Nje, kwenye spika, kulikuwa na pumzi kubwa zinahema, kubwa kama za ng'ombe. Akaacha kuhema. Zikaacha.

Nikauona uso wake unavyobadilika rangi, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nje kulikuwa kimya. Watu wote wale, na kimya. Muziki ukaanza kupanda taratibu kama unaoona haya. Nikalala sakafuni na sikio langu zima juu, nangoja kusikia benchi likisogea. Mtu mmoja tu akiinuka, nilijiambia, wote watainuka. Kinyozi na shingo yake. Mwalimu. Mama Cherehani na mkasi wake.

Nikasikia nyayo za ndala koridoni. Mlango ukafunguliwa.

Ni mama mkwe. Akanitazama pale chini, damu, nywele, nguo iliyochanika. Macho yake yalijaa machozi, yale ninayoyajua ya saa ya tamthilia. Nikamnyooshea mkono. Nikamwita mama.

Akanipita. Akapeleka mkono kwenye mfuko wa mwanawe, akaitoa maiki, akaitafuta swichi kwa kidole gumba na kuizima. Nje spika ikapiga mshindo, mtoto wa mtu akalia.

"Mwanangu," akamwambia taratibu, "watu wanasikia."

Akaiweka maiki juu ya kabati kama mtu anayerudisha bakuli, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake. Yale masikio ambayo nilidhani yamechoka. Mgongo wangu haukuuma vile.

Na muziki ukapanda. Ukajaa nyumba nzima. Nje mtu mmoja akacheka kile kicheko cha asiyejua afanye nini, na mwingine akasema jambo kuhusu mechi.

Burudani akakaa kitandani. Alikuwa ametulia sasa, na mimi utulivu wake naujua kuliko hasira yake. Akajipangusa jasho, akauokota waya, akaukunja upya, safari hii kwa uangalifu, kichwa cha chuma kikabaki nje. Akaniinamia. Akaniambia kwamba kwa kuwa sasa wote wanajua, hakuna haja ya kuona haya tena. Akanirushia simu kifuani.

"Chagua mwingine. Mrefu."

Niliishika simu. Kioo kilikuwa kimepasuka na damu yangu ilikuwa juu yake, majina ya nyimbo siyaoni. Nilijua kwamba huo ndio ungekuwa wimbo wangu wa mwisho. Sikuwaza kingine ila mtoto, nani atamsuka, nani atamtoa kwenye nyumba hii.

Kabla sijagusa kitu, muziki ukashuka.

Hakuna aliyesema neno chumbani. Maiki yake ilikuwa kabatini, imezimwa, kitaa cheusi. Na muziki ulikuwa umeshuka, umempisha mtu.

Ndipo nikakumbuka kwamba maiki zilikuwa mbili.

Kwanza ilikuja pumzi, ndogo, karibu mno na maiki. Kisha sauti ya binti yangu ikatoka kwenye spika, kubwa kuliko nyumba, ikapita juu ya vichwa vya watu wote wa mtaa. Haikutetemeka. Ilikuwa ya upole kabisa.

"Baba," ikasema. "Chagua wimbo."

Burudani akasimama. Waya ulikuwa bado mkononi. Nikamdaka mguu, nikaukumbatia kwa mikono miwili, akaniburuza mpaka kizingitini kisha akanipiga kisigino cha mdomo nikamwachia. Mlango ukabamizwa. Ufunguo ukazunguka upande wa nje.

Nilijaribu kuinuka, goti likakataa. Nikautambalia mlango, nikaugonga kwa kiganja, nikamwita mwanangu akimbie, lakini sauti yangu haikuwa na maiki. Kilichobaki ni kusikiliza.

Muziki ulikuwa chini, maana Chiriku alikuwa anahema kwenye maiki na hakuiachia. Kila kitu cha kibarazani kilikuwa kinapita mle. Nikasikia viatu vya mume wangu vinavuka sebule, navisikia mara mbili, ukutani na kwenye spika. Nikasikia mama mkwe akimwambia mtoto alete hicho kitu. Viatu vikafika kibarazani. Vikasimama. Pumzi za mwanangu zikawa za harakaharaka.

Kisha, kwenye spika, nikasikia benchi likisogea.

Lilikuwa moja tu. Nililisikia wazi, mbao kwenye saruji, na sikuweza kujua kama ni la mtu anayeinuka kuja au la mtu anayeinuka kwenda zake.